Nyundo Masikioni mwa Mgonjwa

Miaka ya vita nilikuwa muuguzi wa dawa ya usingizi katika hospitali moja ya Bujumbura. Kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa hakukunisumbua. Kuwaamsha ndiko kulikonitesa. Mashine ya gesi ilikuwa imekufa, tukabaki na ketamini ya sindano, na mtu akilala kwa ketamini huondoka na kile alichokuwa nacho kichwani. Wengi waliondoka wakisikia bunduki kutoka milimani juu ya mji. Walipozinduka walipiga mayowe, wakanikaba, wakataka kukimbia na mishono yao mibichi.

Daktari wetu wa upasuaji akaleta redio-kaseti yake ndogo, ile ya kuvaa masikioni. Alitaka mgonjwa asikie kitu cha upole wakati dawa inaingia. Tulianza na kaseti zake za kinanda, kisha kila mgonjwa akawa na lake. Mmoja aliomba kwaya ya parokia yake, mwingine kisomo cha Kurani. Sikuwa na imani kubwa, lakini baadhi yao waliamka wametulia, wakaomba maji. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Akaja mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mshonaji, mwenye uvimbe tumboni. Nikamwuliza angependa kusikia nini.

"Nyundo," akasema.

"Nyundo gani, mama?"

"Ya bwana yangu. Ananyoosha bati za magari pale uani kwetu. Mi nashona, ye anapiga. Kukiwa kimya ndiyo naogopa."

Mumewe, mtu mrefu mwenye mikono ya makovu ya kuchomelea, aliona haya. "Muganga, hizo si kelele tu?" Hata hivyo alikwenda, akarudi na kaseti aliyoirekodi uani. Niliisikiliza: nyundo juu ya bati, kikohozi chake, mpita njia akitoa salamu, nyundo tena. Daktari alikunja uso. Kwake ilifanana mno na risasi. Nikamwambia mgonjwa ameichagua mwenyewe.

Dawa ilipoanza kuingia, vidole vya yule mama vilikuwa vinasogea juu ya shuka, kama anasukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Akalala hivyo. Alipozinduka hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ameacha kupiga?"

"Amekwenda kuswali," nikamjibu.

Akafumba macho, ametulia. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijiona nafanya kazi ya maana.

Siku chache baadaye kidonda chake cha upasuaji kikaoza. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na rafu za famasi yetu zilikuwa tupu. Mumewe alizunguka maduka yote ya dawa ya mjini. Alipanda mpaka Kiriri, mtaa wa matajiri, kumwomba mkubwa mmoja ambaye aliwahi kumtengenezea gari, akarudi na vidonge vichache ndani ya kipande cha gazeti. Tulimpa mkewe vyote. Homa haikushuka. Akafa siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri, mumewe akimpepea kwa kanga.

Wanaume wa msikitini walipokuwa wanatayarisha jeneza, mume akanifuata kwenye korido.

"Siku ile ya kupasuliwa, alinisikia?"

"Alikusikia, baba. Alikuulizia alipoamka."

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa ilisaidia nini, Muganga?"

Nikamnyooshea kaseti yake.

"Apana," akasema. "Kaa nayo. Mi nitaisikiliza na nani?"

Wakaondoka na maiti kwa haraka, kwa sababu barabara ilikuwa inafungwa mapema.

Haikuchukua muda betri zikaadimika sokoni. Tulizianika juani ili zirudishe nguvu kidogo, lakini sauti ilitoka nzito, ya kuburuta, na mgonjwa mmoja akaing'oa ile redio masikioni kwa hofu. Daktari akahama nchi, akachukua redio yake. Nilimwombea safari njema, na sikumlaumu.

Wagonjwa wakarudi kulala na milio ya milimani. Niliendelea na kazi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya. Walipoamka wakipigana, niliwashika mikono, nikangoja wachoke.