Ziwa Tulilompeleka Mama Mkwe

Mume wangu ni mtu mkweli katika mambo yote isipokuwa ndege. Akivunja kikombe jikoni, anakuja kuniambia kabla sijasikia mlio. Lakini Jumamosi moja alirudi nyumbani akadai ameona karani tamba, yule ndege mrefu anayetembea nyasini kama mkaguzi wa shule na kuua nyoka kwa mateke. Alimwona akiwa ndani ya gari, barabara ya Namanga, dirisha limejaa vumbi.

"Nani mwingine alimwona?" akauliza binti yetu mkubwa. Ana miaka kumi, na ndiye mwenye daftari.

"Dereva."

"Dereva ni wa familia yetu?"

Karani tamba hakuandikwa. Sheria ya nyumba ni kwamba ndege haingii daftarini mpaka aonwe na watu wawili, na hao wawili wawe wanajulikana.

Tuko wanne: sisi wawili na mabinti wawili, mdogo akiwa na miaka mitano. Tunapanga Kitengela, ghorofa ya tatu, na mchezo huu wa kuandika ndege ulianzia pale kwenye roshani, kati ya nguo zilizoanikwa. Tulipowamaliza kunguru, njiwa na kwarara wanaopiga kelele alfajiri kana kwamba wameibiwa, tukaanza kutoka. Tukagundua timbo la mawe lililoachwa, linalojaa maji ya mvua na kuvutia yangeyange weupe. Tukagundua nyuma ya kichinjio, ambako korongo wenye upara husimama kwenye foleni wakingoja matumbo. Ila mahali bora kuliko pote nilipagundua mimi, siku nilipopotea njia nikitafuta nyumba ya mwenzangu wa kikundi cha akina mama. Ni mabwawa matatu yenye nyasi kandokando, bata kwa makumi, na ndege fulani wembamba wenye miguu mirefu myekundu wanaotembea majini kama wanaogopa kulowesha sketi.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Yale yalikuwa mabwawa ya majitaka ya mtaa wa nyumba mpya. Harufu unaizoea baada ya dakika kumi. Binti mdogo alikuwa anajifunga skafu puani.

Basi mama mkwe akaja kututembelea. Ni mkulima, anaishi upande wa Mashuuru, mjane, mzee wa kanisa, na hana mazoea ya kuongopewa. Alifika Ijumaa na mfuko wa pojo, akakaa, akamwangalia mwanawe.

"Nasikia siku hizi Jumamosi hauendi mikutano ya kanisa. Unafuata ndege."

"Tunaangalia tu, Mama," mume wangu akasema. Halafu kiburi kikamshika. "Hata kesho tutakupeleka. Kuna ziwa."

Nilimtazama. Yeye akatazama chai yake.

Ningeweza kusema kitu wakati ule. Lakini mchana huohuo mama mkwe alikuwa amebonyeza ugali wangu kwa kidole akasema, "Hii ni uji ilipotea njia." Kwa hiyo nilienda jikoni, nikapika chapati za safari, nikanyamaza kabisa.

Asubuhi alitoka chumbani amevaa gauni la Jumapili, viatu vilivyong'arishwa, na kofia nyeupe yenye ua pembeni. Tukaenda.

Langoni kwenye mabwawa kulikuwa na mlinzi wa Kimaasai, shuka juu ya sare. Alikuwa ametuzoea. Alipomwona mama mtu mzima akainamisha kichwa kwa heshima, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," mama mkwe akaitikia bila kusita. Ameishi na Wamaasai miaka mingi.

"Umekuja kuangalia ndege ya choo?"

"Ndege ya nini?"

"Ya choo. Hii maji yote inatoka kwa choo ya zile nyumba," mlinzi akaeleza kwa fahari, akionyesha kwa rungu. "Lakini ndege iko mingi sana, yeyo. Hata wazungu wanakuja."

Mume wangu aligundua kwamba darubini ina vumbi, akaanza kuipangusa. Mabinti wakachunguza ardhi. Mimi nilikohoa ndani ya leso, ingawa hakikuwa kikohozi.

"Mwanangu," mama mkwe akasema hatimaye. "Hii kofia imeenda harusi tatu."

"Ndio, Mama."

"Na leo imeletwa choo."

"Ndio, Mama."

Akampita, akaingia langoni.

Darubini aliikataa. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akaanza kuwataja ndege kwa Kikamba, mmoja baada ya mwingine, akiwanyooshea kidole. Halafu akaongeza maelezo.

"Yule ni mtamu. Yule ako na mifupa mingi, hata usihangaike. Yule mwenye miguu mirefu, usipoteze kuni yako."

Binti mkubwa aliacha kuandika. "Susu, umewakula?" Susu ndivyo wajukuu wanavyomwita nyanya kwa Kikamba.

"Tulikuwa watoto wanane na tulikuwa na kombeo. Ndege hakuwa wa kuangaliwa." Akachungulia daftari. "Na wale nilikula, mbona hawako hapo?"

"Lazima uwe umemwona, Susu."

"Unaweza kula kitu bila kuiona?"

Binti akafikiri. "Na lazima shahidi awe wa familia."

"Ndugu zangu saba walikuwa wakigombania mapaja."

Mume wangu alipinga kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, lakini uamuzi ulikuwa umeshapita. Mama mkwe aliandikiwa ndege kumi na tisa kwa dakika chache, akampita mwanawe aliyehangaika miezi minane. Mwanawe akaenda kukaa juu ya jiwe.

Ndipo mama mkwe akakunja viganja, akaviweka mdomoni, akapiga mluzi mkavu wa kukwaruza. Kichaka ng'ambo ya bwawa kikajibu. Akapiga tena. Kwale mmoja akatoka nyasini, nyuma yake vifaranga wanne, wakatembea moja kwa moja kuelekea kwetu hadi nikaona madoa kifuani mwa mama yao. Binti mdogo alikuwa ameivua skafu bila kujua. Mama mkwe aliwatazama wale vifaranga na uso wake ukawa laini, kama wa msichana, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kwa kunyamaza kwangu.

"Huyu," akanong'ona, "na kitunguu."

Njia nzima ya kurudi hakusema neno kuhusu ziwa. Jumapili yote hakusema. Jambo hilo lilimtisha mume wangu kuliko kugombezwa. Alipokuwa akiondoka Jumatatu, alituaga kwa upole sana: "Mwezi ujao mje kwangu. Kuna ndege mingi, mtachoka nyinyi."

Tukaenda, mume wangu akiwa na kalamu mbili. Asubuhi, baada ya uji, mama mkwe alituongoza shambani. Mtama ulikuwa umeanza kukomaa. Akampa kila mmoja wetu debe kuukuu na fimbo, akatugawia kona.

"Mlisema mnapenda ndege," akasema. "Haya."

Kwelea, wale ndege wadogo wanaokula mtama, walikuja kama moshi. Tulipiga madebe, tukapiga mayowe, tukakimbia kati ya mabua. Wakifukuzwa kona hii wanatua ile. Kufika saa sita mume wangu alikuwa hana sauti, na binti mkubwa alikuwa anauliza kama elfu moja wanahesabiwa kama ndege mmoja.

Mama mkwe alipita kutukagua. Alipofika kwangu akasimama.

"Wewe ulijua ile maji ni ya choo?"

Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Sikuwa na nguvu za kudanganya.

"Nilijua, Mama."

Akaniangalia mimi, akaliangalia debe langu. Halafu akacheka, akacheka mpaka ikabidi ashike bua la mtama asianguke. Alipomaliza alifuta macho kwa kanga, akachukua debe langu, akanipa kubwa zaidi, akanituma kule chini karibu na mto, ambako ndege walikuwa wengi kuliko pote.