Madaftari Manne ya Modestus Minani

Siku za gulio mjini Ngara, Modestus Minani alitandaza gunia lake karibu na mafundi cherehani, akapanga vitabu vyake vikitazama njia. Vilikuwa vitabu chakavu: vya hesabu vya darasa la tano, vya sala, vya kilimo bora cha kahawa, na riwaya mbili tatu zisizo na jalada alizoachiwa na makarani waliohamishwa. Manyunyu yakianza, alivifunika vitabu kwanza, ndipo akajikumbuka mwenyewe. Kitabu kisiponunuliwa alikisoma, na mafundi wakamtania kwamba biashara ile ni kisingizio tu.

Alfajiri alikimbia kutoka kijijini kwake Ntobeye hadi njia panda na kurudi, kisha akashika jembe katika shamba la ujamaa. Mchana alisoma. Jioni alicheza mpira, winga ya kulia. Watu wakishatawanyika uwanjani, aliketi mlangoni, daftari gotini, akaandika mpaka herufi zisionekane tena. Mkewe Adelfina alimwita mara tatu kwa chakula ndipo akasikia.

Aliyekuwa akimwandika ni mama yake, Niragira. Mwaka 1974 ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, bibi yule alitolewa kwenye migomba yake bondeni, akaletwa barabarani katika kibanda cha nyasi. Kila asubuhi alirudi kuitazama, mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, hata miguu ikamshinda. Masika ya kwanza hakuyamaliza. Modestus hakuwa mpinzani wa kijiji; aliamini shule itakuja, na ilikuja kweli. Ila swali la mama yake la siku za mwisho lilimganda masikioni: "Nani anaipalilia migomba yangu?" Akaanza riwaya ya mwanamke aliyekataa kuhama. Ilimchukua miaka minne na madaftari manne. Nakala ilikuwa moja tu, maana karatasi zilipatikana kwa shida.

Mtu pekee aliyejua habari hiyo, ukimwondoa Adelfina, alikuwa Xavery, golikipa wao, kijana wa Mbuba aliyekuja kuishi Ntobeye na mama yake mjane, Bonifasia. Xavery alifika miaka ishirini na mitatu hajui kuandika hata jina lake. Modestus alimfundisha katika darasa la kisomo cha watu wazima, na somo likaendelea barabarani: wakikimbia alfajiri, Modestus alitaja neno, Xavery akalitaja herufi moja moja mpaka pumzi ikamwishia. Mwaka mmoja baadaye alikuwa akisoma gazeti kwa sauti pale guniani, taratibu, kidole kikifuata mstari, na watu wakisimama kumsikiliza.

Mwishoni mwa 1978 adui alivuka mpaka, na mgambo wakaitwa. Modestus na Xavery walikwenda wilayani pamoja. Daktari alimziba Modestus jicho la kulia, akamwuliza anaona vidole vingapi.

"Naona ukungu," alisema Modestus.

"Rudi nyumbani, ndugu. Wenzako watakwenda."

Asubuhi ya kuondoka, Xavery alikuja na kifurushi chake kwapani.

"Nipe yale madaftari. Nimefika pale askari wa mgambo wanapomfuata yule mama shambani. Siwezi kwenda bila kujua."

"Hayana nakala, Xavery."

"Nitayarudisha."

Modestus alisita. Adelfina, aliyekuwa akimenya ndizi, aliinua uso. "Mtu anakwenda vitani, nawe unamnyima karatasi?"

Modestus aliona haya. Akayafunga yote manne kwa kamba ya katani, akampa. Lori likaondoka na vumbi lake, akina mama wakilifuata mpaka likapotea kwenye kona.

Mwezi wa tatu mwenyekiti wa kijiji alileta barua kwa Bonifasia, na kwa kuwa uchungu ulimzuia kuisoma, mwenyekiti alimwita Modestus. Ilikuwa mistari mitano. Modestus aliisoma yote bila kukata neno. Xavery alikuwa amekufa ndani ya Uganda na kuzikwa huko huko. Bonifasia alitandika mkeka, akaketi, akaomba aletewe shati la mwanawe lililobaki. Hapakuwa na kaburi la kuliendea. Matanga yakakaliwa juu ya shati.

Vita viliisha. Sabuni ikaadimika, sukari ikawa hadithi. Siku moja ya gulio, mwanamume aliyevaa suruali ya jeshi iliyopauka alichuchumaa mbele ya gunia.

"Wewe ndiye Modestus Minani? Mimi naitwa Pancras, natoka Nyamahanga, Biharamulo. Nilikuwa na Xavery."

Modestus alimpisha kwenye gunia. Pancras alieleza polepole. Walipopumzika mchana, Xavery alikuwa akiwasomea daftari, kurasa nne au tano, na watu wa vikosi vingine wakaja kusikiliza. Sigara zilipotoweka, wakatafuta karatasi za kusokotea tumbaku.

"Alikuwa mkali," alisema Pancras. "Ukurasa ambao haujasomwa haukuguswa. Ukishasomwa, aliuchana, akagawa. Nisamehe, ndugu. Tumekivuta kitabu chako."

Modestus alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hana kinyongo. "Na daftari la nne?"

"Lilikuwa kifuani mwake. Hatukulitoa; tulimzika nalo." Pancras alisogea karibu. "Ndiyo maana nimekuja. Wengine waliniambia, ukipita Ngara, muulize mwenyewe yule mama aliishia wapi."

Basi Modestus akaanza kusimulia daftari la nne. Fundi mmoja alisimamisha cherehani. Mteja aliyeshika kitabu cha sala alibaki nacho mkononi. Alisimulia jinsi mwanamke yule alivyosindikizwa hadi barabarani, akatoroka, akarudi bondeni, akafia chini ya mgomba aliokuwa ameupanda alipoolewa. Pancras alifuta macho kwa kiganja.

"Xavery alibashiri hivyo," alisema.

Ndipo Modestus akauliza Xavery alivyokufa. Pancras alitazama pembeni.

"Kati yetu alikuwa hodari wa kusoma na hodari wa mbio. Kwa hiyo alipewa kazi ya kupeleka ujumbe. Simu ikikatika, yeye ndiye aliyetumwa. Siku ile alitumwa."

Modestus alifunga gunia lake mapema. Safari nzima ya kurudi Ntobeye maneno hayo yalimrudia. Kusoma, yeye ndiye aliyemfundisha. Mbio, yeye ndiye aliyemzoeza. Adelfina alimshauri ajinyamazie, kwamba maneno hayamfufui mtu, lakini Modestus alijua hataweza kumwamkia Bonifasia kila asubuhi huku amemficha jambo.

Kesho yake alikwenda. Bonifasia alikuwa akianika maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Alimweleza yote, hata habari ya tumbaku. Aliposimulia wanajeshi walivyokusanyika kumsikiliza Xavery, uso wa mama ulilegea.

"Alisoma mbele ya watu wazima?"

"Mbele yao wote, mama."

Kisha akaeleza habari ya ujumbe. Bonifasia alichambua maharage kwa muda mrefu, mabovu huku, mazima kule.

"Kwa hiyo kama asingejua kusoma," alisema hatimaye, "angetumwa mwingine."

Modestus alifungua kinywa kumwomba radhi.

"Nenda, Modestus. Usinitukane kwa kuniomba msamaha. Nenda tu."

Alijaribu kuiandika upya ile riwaya. Alinunua daftari, akaandika jina la mama yake, akaandika neno bonde, akakwama. Maneno ya mama yake aliyoyasikia wazi miaka minne mfululizo yalikuwa yamechanganyika na sauti ya Xavery akisoma taratibu, asiweze kuyatenganisha. Alfajiri hakukimbia tena. Gunia aliendelea kulitandaza, maana watoto walihitaji vitabu, ila ombi la kufundisha kisomo alilikataa kila lilipoletwa, bila kueleza sababu.

Bonifasia alifariki mwaka 1984. Miaka yote hiyo, shikamoo ya Modestus aliiitikia kwa kichwa tu. Modestus alishika sepetu pamoja na wanaume wengine wa kijiji, akachimba kaburi mpaka mwisho, hakutaka kupokewa. Mwenyekiti alipomkaribisha aseme machache, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mjuzi wa maneno, alisema hana neno, akarudi kusimama nyuma ya watu.