Fundi wa Mvuke na Mtambo Usiochemka

Fundi wa mvuke hakuwa na imani na mita. Mhandisi, binti aliyepangiwa kumfundisha mtambo mpya, alimwona tangu siku ya kwanza akigusa kila bomba kwa mgongo wa mkono, macho nusu kayafumba, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akishagusa huguna, kisha huuliza kwa sauti yake ya kukwaruza: "Maji yanachemkia wapi?" "Hakuna maji, mzee," binti humjibu. "Atomi zinaungana humo ndani. Chembe zenye chaji zinazoponyoka zinatua kwenye mabamba, na zinatuachia umeme moja kwa moja." Naye huitikia kwa kichwa, hukuna sikio, halafu huinama kuchungulia uvunguni mwa mtambo.

Leo asubuhi mtambo ulipowashwa, mshale wa mita ulipanda. Fundi hakuutazama. Alivuka kamba ya tahadhari, mkono mbele, akielekea fimbo ya shaba inayotoa umeme kwenye mabamba. "Mzee, usiguse!" Mhandisi alimrukia, akamvuta mkono, wote wawili wakaanguka sakafuni. "Hiyo ina volti laki moja!"

"Mbona haina joto?" Hakuwa anabisha, macho yalikuwa yamemtoka. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Miaka thelathini na minane huu haujawahi kunidanganya. Sasa, mwanangu, nimuulize nani?" Mhandisi alijua tu kwamba bado ameushika mkono ule, na hathubutu kuuachia.