Rafiki wa Ng'ambo ya Barabara

Wakati Lamduan na mumewe Thawin wanahamia mji wa pwani wa Pattaya kutoka Surin, walikoacha mashamba ya mpunga, barabara ya mbele ya kibanda chao ilikuwa nyembamba. Mtu wa upande ule akipiga chafya, wa upande huu anamuuliza kama mafua yamemrudia. Magari yalikuwepo, ndiyo, lakini yalipita kama wageni: linapita moja, kimya kirefu, halafu jingine. Asubuhi watawa walitembea peku katikati ya lami wakipokea wali wa sadaka, na dereva aliyewakuta alizima injini akasubiri.

Lamduan aliuza supu ya tambi za mchele. Mkabala naye, ng'ambo, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa aliuza kahawa ya barafu. Huyo ndiye Prayong, binti wa wavuvi wa Naklua, aliyezaliwa hapo kabla hoteli hazijafikiriwa.

Walianza kwa ugomvi. Mbwa wa Prayong alivuka barabara taratibu, akazunguka nyuma ya sufuria, akaondoka na mfupa wa nguruwe uliokuwa unangoja kuchemshwa. Lamduan akamfuata mpaka ng'ambo, upawa mkononi.

"Mbwa wako mwizi!"

"Nani, huyu?" Prayong alimtazama mbwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa amejilaza na mfupa mdomoni. "Dada, huyu hana meno hata ya kutafuna wali. Huo mfupa wako umemfuata wenyewe."

Lamduan alitaka kuendelea kufoka, lakini kicheko kikamponyoka. Prayong akamvutia kigoda, akamchujia kahawa kwa mfuko wa kitambaa, akaimiminia maziwa mazito ya kopo bila uchoyo. Kesho yake Lamduan akavuka na bakuli la supu. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao: asubuhi glasi inakwenda huku, mchana bakuli linakwenda kule. Wala hawakutazama kulia wala kushoto. Prayong alikuwa akinyoosha mkono mmoja tu hewani, kama anayepunga nzi, na gari linasimama.

Watoto wao walikulia humo humo barabarani. Orathai, binti pekee wa Lamduan, na wavulana wawili wa Prayong walicheza mpira wa henzirani kwa miguu mchana kutwa. Mmoja akisema "Gari!" wanasogea, gari linapita, wanarudi. Mama zao walikuwa wanazungumza juu ya vichwa vyao, kila mmoja kwenye kibanda chake, habari za ndani kabisa, mpaka wateja wakaanza kuchangia.

"Yong! Thawin kakoroma jana, sijalala!"

"Mgeuze!"

"Nimemgeuza, kakoroma kwa upande wa pili!"

Thawin mwenyewe alikuwa hapo anakata vitunguu, kichwa chini, masikio mekundu.

Kisha mji ukapata jina. Wageni wakaanza kumiminika, kwanza kwa viwanja vya gofu na fukwe, baadaye kwa mabasi makubwa yaliyoshusha watu hamsini hamsini. Mashine za njano zikaja, zikavunja kingo, vibanda vikasogezwa nyuma. Barabara ikawa na njia mbili kwenda na mbili kurudi, na katikati tuta la zege lililopandwa maua. Wote walifurahi, Lamduan akiwamo. Wateja waliongezeka. Orathai alisoma mpaka chuo kwa supu ile.

Bakuli na glasi viliendelea kuvuka kwa muda. Siku moja Prayong alikuwa anakuja na kahawa yake, mkono mmoja hewani kama kawaida, pikipiki ikapita karibu kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kiliing'oa glasi mkononi mwake. Haikumgusa hata kidole. Alisimama pale akitazama barafu zinavyoteleza kwenye lami. Akageuka, akarudi kwake.

Baada ya hapo walipungiana mikono. Simu zilipokuja wakawa wanapigiana, kila mmoja amekaa kwenye kigoda chake, wanatazamana.

"Hiyo blauzi umeitoa wapi, shoga?" Lamduan aliuliza. "Umekuwa kama papai."

"Papai lililoiva, mwenzangu. Wewe umebaki mbegu."

"Nani yule amekaa hapo kwako, mwenye upara?"

"Sogea kidogo uone... Aa, basi limetukata."

Basi la watalii likisimama, walisubiri simu sikioni, hawasemi kitu, mpaka liondoke waonane tena ndipo waendelee. Orathai aliwahi kumuuliza mama yake kwa nini asizungumze tu wakati basi lipo, maana simu haihitaji macho. Lamduan akamwambia hawezi kuzungumza na basi.

Thawin alipofariki, kwa ugonjwa wa ini, Prayong alifunga kibanda siku zote za msiba hekaluni na kuosha vyombo vya waombolezaji. Lakini walipokwenda huko kila mmoja alipitia njia yake. Kukutana hasa, pale pale barabarani, kulibaki kwa mwaka mara moja, siku ya kumwagiana maji ya mwaka mpya. Siku hiyo mji mzima unamiminika nje na ndoo, magari yanakwama katikati ya umati. Prayong alikuwa anatoka kwake akiwa ameloa chapachapa, poda nyeupe ya sherehe imemkauka mashavuni, anatembea polepole katikati ya magari yaliyonasa, anayapiga makofi kwenye boneti kama mtu anayepita zizini kwake. Anafika, wanamwagiana maji ya maua viganjani, wanatakiana heri. Wanakula supu pamoja mpaka jioni.

Siku nyingine zote kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Lamduan. Mistari myeupe ilipakwa vizuri, na taa yenye kitufe ikawekwa. Taa ilifanya kazi kipindi, ikazimika, na mistari ikafifia. Wageni ndio waliomtia Lamduan kihoro. Walitoka kwenye nchi ambako mistari ile ni ahadi. Walikuwa wanashuka barabarani wakicheka, hata hawatazami. Alishuhudia mengi pale ambayo hakupenda kuyasimulia. Akajifunza kupiga kelele kwa lugha asizozijua: "Simama!" kwa Kirusi, kwa Kichina, kwa Kijerumani.

"Shangazi, unawafokea wateja," mchuuzi jirani alimwambia.

"Wakifa watanunua kwa nani?"

Yeye mwenyewe hakuvuka. Alijiambia magoti hayamruhusu.

Mwaka ambao Prayong alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, Lamduan alishikwa na homa, siku ya kwanza, ya pili. Simu yake ikaisha chaji na hakukumbuka kuichomeka. Siku ya tatu akajisikia nafuu, akachelewa kuamka, akafika kibandani jua likiwa limeshapanda. Alikuwa anafungua turubai aliposikia honi zikilia mfululizo. Akatazama.

Prayong alikuwa amesimama juu ya tuta la katikati, kwenye maua. Jicho moja limefunikwa bandeji, mkononi ana glasi ya kahawa. Nusu ya barabara alikuwa ameshaivuka, Mungu ajuaye vipi, na nusu iliyobaki ilikuwa imemshinda. Magari yalipita mbele yake na nyuma yake bila mwanya. Upepo wa basi ulimyumbisha, akashikilia nguzo ya taa.

"Yong!" Lamduan aliita. "Kaa hapo hapo!"

"Nikae mpaka lini? Barafu inayeyuka!"

"Umekuja kufanya nini, mwendawazimu wewe?"

"Nimekuja kuona kama umekufa! Simu haipatikani, kibanda kimefungwa, nifanyeje, nisome gazetini?"

Watu walianza kusimama pembeni. Wengine walicheka, mmoja akatoa simu apige picha. Lamduan hakuwaona tena. Aliona namna mguu wa Prayong ulivyokuwa unatafuta ukingo wa tuta, unaupapasa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Angeshuka. Alimjua, hakuwa mtu wa kungoja.

Lamduan akakamata upawa, akashuka kwenye mistari. Akatazama kulia yanakotoka magari, akanyoosha upawa. Lori la maji likapunguza, likasimama. Gari la abiria lenye mabenchi nyuma likasimama pembeni yake. Njia zote mbili zikawa zimetulia, na moyo wake ukajaa kitu alichokuwa amekisahau miaka mingi, furaha ya mtu anayetembea katikati ya barabara yake mwenyewe. Akapiga hatua kuelekea kwa rafiki yake akitabasamu.

Pikipiki ilitoka kushoto, kinyume cha njia, ikijipenyeza kando ya tuta. Hakuiona kwa sababu upande ule hautazamwi.

Alisikia goti likigeuka. Alipofumbua macho alikuwa amelala, lami ya moto mgongoni, na uso wa Prayong uko juu yake wenye jicho moja.

"Usinyanyuke. Usijaribu hata."

"Kahawa yangu?"

"Nimeimwaga. Nyamaza."

Prayong alikuwa analia. Namna alivyoshuka kutoka kwenye tuta hakuna aliyeweza kueleza, hata yeye.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Hospitali wakamfunga hogo zito jeupe la plasta. Aliyempiga alikuwa msichana anayefanya usafi hotelini, jina lake Sairung, aliyekuwa amechelewa zamu na kuona heri akate njia kuliko kuzunguka mpaka mwisho wa tuta. Alikuja wodini na machungwa, akapiga magoti sakafuni, akaunganisha viganja mbele ya uso kuomba radhi. Prayong, aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi, akasema kwa niaba ya wote.

"Wewe mtoto, una macho mawili mazima! Mimi nina moja na nilimwona!"

"Nisamehe, bibi."

"Mimi si bibi yako. Pikipiki inaendeshwa hivyo? Nyumbani kwenu mnaingilia dirishani?"

"Mwache, Yong," Lamduan alisema. Alikuwa anautazama mkono wa msichana, uliochubuka kuanzia kiwiko, ambao hakuna aliyeusafisha. "Muite nesi amfunge huyu."

Siku zile za wodini ndipo walipozungumza siku baada ya siku bila simu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana. Lamduan aligundua kwamba mwenzake, akitazamwa kwa karibu, alikuwa amezeeka. Kutoka ng'ambo hakuwa na mikunjo. Alikuwa umbo tu, mkono unaopunga, rangi ya blauzi. Sasa aliona mishipa ya mikono yake, na kwamba anapofikiri anatafuna mdomo wa chini. Akasikitika, kama mtu aliyeambiwa habari ya zamani akiwa amechelewa.

Orathai alitaka kibanda kifungwe. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Njoo ukae kwangu Chonburi."

"Nikatazame nini Chonburi?"

Prayong ndiye aliyelimaliza suala hilo. Hakushauriana na mtu. Lamduan aliporudi kibandani kwa magongo, alikuta toroli la kahawa limeegeshwa kando ya sufuria yake, ubavu kwa ubavu, na Prayong anasugua glasi.

"Wateja wako wa kule?"

"Wakitaka kahawa wavuke."

"Watagongwa."

"Basi wanywe maji."

Ng'ambo, mahali pa Prayong pakawa duka la nguo za kuogelea. Wakazi walikwenda kulalamika kwa wakubwa, safari zaidi ya moja, na hatimaye mistari ikapakwa upya na taa ikatengenezwa. Asubuhi askari wa kujitolea anasimama hapo na filimbi. Magari yanasimama, mengi yao. Pikipiki za kinyume bado zipo, ila Sairung akipita huzunguka mpaka mwisho wa tuta, na akifika kibandani kunywa supu Prayong humuuliza kama leo kaja kwa mlango au kwa dirisha.

Kukaa pamoja hakukuwa kwepesi kama walivyodhani. Prayong anaimba akichuja kahawa. Anaonja supu bila kuombwa na kutoa maoni. Mchana anasinzia kichwa begani kwa Lamduan, na hogo lilipotolewa, mguu ukibaki na kuchechemea kidogo, bega nalo likaanza kuuma. Kuna saa Lamduan anatazama ng'ambo kwa mazoea, anaona masanamu yaliyovishwa chupi za rangi, na anamkumbuka rafiki yake, ilhali rafiki mwenyewe amekaa hapa anamkoromea sikioni.

Alasiri moja, mvua ikiwa imekatika na barabara imejaa maji ya kahawia, magari yalipungua. Orathai alikuwa amekuja na binti yake mdogo, na mtoto akauliza kama ni kweli bibi alikuwa anavuka pale bila kutazama.

"Kuvuka tu?" alisema Prayong. "Hapa katikati walikuwa wanatundika shuka jeupe, tunatazama sinema. Wauza dawa wa kutembea walikuja na mashine yao ya sinema, shuka limeigawa barabara, watu wamekaa huku na huku."

"Na magari?"

"Magari gani? Dereva akifika anazima taa, anashuka, anatazama na yeye."

Lamduan alicheka. Alikuwa amelisahau kabisa shuka lile, na sasa lilimrudia pamoja na harufu ya karanga za kuchemsha na Thawin amembeba Orathai mabegani. "Ninyi upande ule mlikuwa mnaona picha kinyume," alisema. "Maandishi yamegeuka, kila mtu anatumia mkono wa kushoto."

"Nani kinyume? Ninyi ndio mliokuwa kinyume."

"Sisi tulikuwa upande wa mashine."

"Mashine ilikuwa kwangu! Ilichomekwa umeme wa nani? Umeme wangu!"

"Yong, usidanganye mtoto."

"Mtoto, muulize mama yako. Orathai, sema kweli, maandishi ulikuwa unayasoma?"

Orathai alisema alikuwa hajajua kusoma. Basi la watalii likapita, likamwaga wimbi la maji mpaka miguuni mwao, na wote wanne wakainua miguu juu ya vigoda, wale wazee wawili wakiendelea kubishana.