Mama Yangu Si Faili

Jibu la tatu la watengenezaji wa gemu ndilo lililonimaliza. Lilisema niondoe "faili zisizo rasmi" kisha nifurahie mchezo. Nilikuwa jikoni kwangu Migori, simu mkono mmoja, mwiko wa uji mkono mwingine, na msichana wangu wa miaka sita akaniuliza kama dana amerudi. Dana ni nyanya kwa Kijaluo. Nikatupa mwiko sakafuni na kusema neno ambalo mtoto hakupaswa kulisikia.

Faili hiyo isiyo rasmi ni mama yangu.

Mama alinunua na kuuza samaki ufuoni Homa Bay maisha yake yote. Mwaka mmoja kabla hajafariki, nilibadilisha gemu ya uvuvi iliyokuwa kwenye kompyuta yangu. Watengenezaji wenyewe walituruhusu, hata wakatuwekea maelezo. Nikapaka mashua rangi za kwetu, nikamtoa mzungu mwenye kofia aliyekuwa mnunuzi, nikamweka mama. Nilimrekodi kwa simu yake pale pale sokoni, leso kiunoni, akicheka katikati ya maneno. Ukimletea samaki mkubwa aina ya ngege, alikusifu na kuusifu ukoo wako, vile wanawake wa ufuoni hufanya wakitaka uwauzie wao. Ukileta mdogo, alikutania: "Huyu umemtoa nasari? Mrudishe, mwalimu wake anamtafuta."

Baada ya mazishi niliona msichana wangu anavua wadogo tu. Nilidhani hajui kucheza. Kumbe alitaka kutaniwa. Nami nikiosha vyombo nilikuwa nafunga mfereji ili nisikie.

Halafu gemu ikajisasisha yenyewe na kufuta kila tulichoongeza. Mzungu akarudi na kofia yake. Wakasema ni kwa sababu ya watu wanaobadilisha gemu ili wawadanganye wenzao mtandaoni. Sawa, wafungieni hao. Sisi tulicheza wawili mezani kwetu. Tulimdanganya nani?

Utaniuliza rekodi ziko wapi. Tulipogawa vitu vya mama, simu yake ilienda kwa shangazi, na kwetu nyumbani kitu cha marehemu hakitolewi kichafu. Nguo tulifua, sufuria tukasugua. Simu nikaisafisha mimi, nikafuta kila kitu kwa heshima, kwa kidole changu mwenyewe. Nilijua mama yuko salama kwenye gemu.

Nakala iliyobaki iko kwao, kwenye ukurasa wa wachezaji nilikoipakia, na huo ukurasa wameufunga.

Basi nikaenda Homa Bay, ofisi ya malalamiko ya wateja. Karani alisoma juu juu fomu niliyojaza, akatabasamu. "Sasa mama, hii si gemu ya mtoto tu?"

Nikamwambia asome tena. Akasoma polepole, akaacha kutabasamu, akatafuta muhuri. Hiki ndicho alichopiga muhuri:

"Nalalamika dhidi ya watengenezaji wa gemu hii. Waliwaalika wachezaji waongeze vitu vyao, kisha wakavifuta bila kutuonya. Naomba wanirudishie faili niliyopakia kwao, na anayecheza nyumbani kwake aachiwe alichotengeneza. Kilichopotea ni sauti ya muuza samaki akimtania mjukuu wake. Pale mlipouliza thamani nimeacha wazi. Sina nakala nyingine."