Nilimsomea babu "baada ya", bibi akaondoka hajaionja

Admin naomba ufiche jina langu. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Mara mbili nimepiga magoti kwenye kitubio nikataja uvivu na kumjibu mama mdogo vibaya, hili nikaliruka.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi hapa Ifakara kwa babu mzaa mama. Ni mtu wa aibu sana. Watu wananiita mpole, lakini ukweli mimi ni mwoga tu.

Babu ni Mpogoro wa Mahenge, amepika misheni zaidi ya nusu ya maisha yake. Padri mmoja mzee, mzungu, alipokuwa anarudi kwao alimwachia chupa moja ya divai nyekundu, siyo ya misa, ya kunywa mezani. Alimwambia divai ile haina haraka, inaiva ndani ya chupa polepole. Akamfundisha na kuipima: unainua shingo ya chupa kwenye jua. Ukiona zambarau, bado mbichi. Ukingo ukiwa na rangi ya tofali la kuchoma, imeiva, kaa na watu wako mnywe. Ikifika rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

Joto la huku mnalijua. Babu alichimba shimo stoo, akajaza mchanga, akailaza chupa humo kizibo kisikauke, na kila asubuhi akawa anaunyunyizia ule mchanga maji. Bibi alikuwa anamtania kila siku akimwona na kopo, anamuuliza, "Mke mwenzangu kashaoga?" Babu naye anamjibu kwamba huyo mwenzako hana mdomo kama wewe. Walikuwa wanacheka hivyo kila asubuhi.

Siku chupa inaingia nyumbani nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, shule ya Kiingereza, ada babu anauza mpunga kunilipia. Wajomba walikuwepo. Babu akanipa ile chupa mbele yao nisome karatasi ya nyuma. Yalikuwepo maneno mengi, nikashika yale ya mwisho: "Drink within eight years." Hilo "within" sikulijua. Wote wananiangalia, babu anatabasamu, nikaona aibu kusema sijui. Nikasema, "Inywewe baada ya miaka minane." Wakapiga makofi. Babu akachukua mkaa akaandika mwaka wa kuifungua ukutani pale stoo.

Kosa hilo nilikuwa mtoto, labda Mungu ameshalisamehe. Linaloniua ni la pili.

Kidato cha pili mwalimu wa Kiingereza alitupa insha akasema tuikusanye "within two days." Mimi nikaipeleka siku ya tatu, nikijua ndiyo nimetii. Akanisimamisha, akaniuliza nimesomea wapi mimi, "within" ni ndani ya siku mbili, siyo zikishapita. Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa nawaza shimo la stoo. Niliporudi nyumbani nilitaka kusema. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema Jumapili. Ikapita zaidi ya mwaka.

Bibi akaanza kuumwa. Mwishoni akawa hali, uji anaukataa, akiongea unasogeza sikio. Asubuhi moja akamwambia babu, "Mzee, nionjeshe basi huyo mke mwenzangu, nijue ulikuwa unampendea nini."

Babu alienda stoo akaja nayo imejaa mchanga. Akaifuta na shati lake, akaisimamisha dirishani kwenye jua, akaangalia muda mrefu. Akasema, "Mama, mbona jicho langu linaniambia imeiva? Ni tofali kabisa hii." Halafu akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, hebu soma tena pale nyuma. Wewe ndiye msomi wetu."

Nilisoma. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, mjomba mlangoni. Nikaona nikisema sasa hivi, watajua nimewadanganya miaka yote, na ada yote ile. Nikamwambia, "Imeandikwa baada ya miaka minane, babu. Bado mwaka mmoja."

Babu akasema basi, walioandika ndio wanaojua. Bibi akacheka kidogo, akaniambia nisijali, atasubiri. Alifariki siku ya nne.

Jumamosi hii ni misa ya mwaka wake, na miaka minane ya babu imetimia mwezi huu huu. Ameshawaambia wajomba, watu wa Mang'ula na wa Mahenge wanakuja, na padri amealikwa mezani. Anasema atafungua chupa mbele ya wote, anywe kwa ajili ya bibi. Jana alipoenda shamba niliingia stoo nikaipeleka kwenye jua. Ni rangi ya chai. Na imepungua, imeshuka chini ya shingo.

Nikinyamaza, ataionja mbele ya watu na kujua imekufa. Nikisema, atajua kwamba asubuhi ile jicho lake lilikuwa sahihi, na bibi angeweza kuonja. Sijui lipi litamuumiza zaidi. Ninyi wakubwa zangu mnaosoma hapa, mliowahi kumkosea mtu anayewaamini hivi, mlianzaje kusema? Nimwambie kabla ya Jumamosi? Peke yake au mbele ya wote niliowadanganya? Msinitukane sana, nimeshajitukana.

Naandika kwenye simu ya mama mdogo. Tangu nianze, mtu akipita huwa naigeuza kifudifudi. Sasa hivi namsikia babu anakung'uta ndala barazani, anakuja huku, anaita jina langu. Natuma hivi hivi, halafu simu naiacha mezani, maandishi yakiwa juu.

Kiingereza babu hajui. Kiswahili anasoma vizuri sana.