Kiti cha Twiga

Tangazo la kupandisha ada ya maegesho kwa wafanyakazi wa manispaa alilichapa Bi Mashine kwa mikono yake mwenyewe. Kuchapa ndiyo kazi yake, na vidole vyake vina kelele kuliko mdomo wake, ingawa mdomo nao si haba. Alilichapa, akalibandika ukutani, akarudi kitini. Hapo ndipo moyo ulipomwenda mbio, maana hata yeye ana gari kwenye ule uwanja.

Gari! Tuseme tu liliwahi kuwa gari. Halijawaka tangu mumewe afariki. Marehemu alikuwa mpima viwanja wa manispaa hiyohiyo, mrefu mpaka wakamwita Twiga, na kila mchana wawili hao walikuwa wakila humo ndani, yeye nyuma ya usukani, mkewe pembeni, vyombo magotini. Twiga alipoondoka, Bi Mashine hakuacha. Kila mchana anafungua mlango wa abiria, anakaa palepale pake, anakula. Wenzake wakamtania weee: "Bi Mashine, leo mmefika wapi?"

"Tumekwama kwenye foleni," anawajibu, na mdomo umejaa.

Ada ya zamani ilikuwa ndogo, alikuwa analipa bila kunung'unika. Hii mpya haishikiki. Ailipe, ale nini? Akaenda kwa mkuu wa utumishi, kijana mpole ila mwoga wa wakubwa wake.

"Mama yangu, liuze tu vyuma chakavu," kijana alimwambia. "Likifika mwisho wa mwezi halijalipiwa, watakuja kulivuta."

"Wanivute mimi kwanza," Bi Mashine akasema, akatoka na kuubamiza mlango.

Aliyemwokoa ni mlinzi wa geti, yule ambaye miaka yote alikuwa akilifuta gari hilo vumbi bila kuombwa. "Dada, kwani lazima liwake?" alimuuliza. "Kutoka hapa mpaka kwako si mteremko mtupu? Tutalisukuma."

Basi Jumamosi mchana, kazi ilipokwisha, ofisi nzima ikamwagika uwanjani. Hata mkuu wa utumishi alikuja, koti begani, macho chini kwa aibu. Tairi zilishajazwa upepo. Dereva wa lori la taka akafungua mlango wa mbele ili ashike usukani.

"Wewe! Hapo hapakaliwi na mtu!"

"Sasa nani ataliongoza, mama? Malaika?"

"Mimi."

Watu wakaangua kicheko. Geti lenyewe bado lina kovu la siku Twiga alipojaribu kumfundisha. Enzi hizo alikuwa akikivuta kiti mbele kwa ajili ya mkewe, somo likiisha anakirudisha nyuma huku akilalamikia magoti yake.

Bi Mashine akajikaza, akaketi nyuma ya usukani. Mguu wake ukatafuta breki, ukakuta hewa. Dereva akainama ashike chuma cha kuvutia kiti.

"Usiguse!" Sauti ilimkatika. "Hicho kiti kakiweka mwenyewe."

Kicheko kikazimika. Mlinzi alivua koti lake, akalikunja, akamtilia mgongoni. Mguu bado. Mkuu wa utumishi akatoa lake. Dereva akavua sweta. Yakarundikana hivyo mpaka kidole gumba cha Bi Mashine kikagusa breki, kisha wayo mzima.

"Haya, sukumeni," akasema, machozi yakimtiririka mbele za watu wote, wala hakujali. Gari likapita getini bila kuligusa, na mlinzi akapiga saluti.

Kwake, walipolifikisha uani na kuweka jiwe mbele ya tairi, alirudisha koti moja moja, kila mmoja na shukrani yake. Wakaondoka wakitaniana. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, kama kilivyoachwa.

Akazunguka upande wa abiria, akakaa pake, akafunga mlango.

"Baba watoto," alisema, "tumefika."